Disketi iliyosema "yNnawg e"

Wiki hii nilikuwa ninasafisha sanduku la zamani hapa nyumbani Nyangwe. Mtoto wa dada yangu akaokota kipande cheusi cha plastiki, akauliza: "Mjomba, hii ni nini?" Ni disketi. Inabeba megabaiti 1.44 tu, picha moja ya simu yake isingeingia.

Vita vya 1998 vilinifikisha Kigoma. Huko nilipata kazi katika ofisi ya msaada, kuandika majina ya watu waliovuka Ziwa Tanganyika. Tulikuwa na kompyuta ya zamani ya Unix. Ofisi ya wenzetu, mwendo wa saa nzima kwa gari, nayo ilikuwa na Unix, ila ya kampuni nyingine. Majina yalisafiri ndani ya mfuko wa shati langu.

Mimi nilidhani Unix ni Unix. Wapi! Kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kupanga mafaili, na kompyuta yetu iliona disketi ya wenzetu kama tupu. Fundi wetu, mzee mpole asiyependa haraka, akanirudisha kwao na maagizo: waandike kwa programu ya tar, moja kwa moja juu ya disketi, bila mpangilio wa kampuni yoyote. Nikaenda, nikarudi. Ikagoma tena.

Ndipo mzee akaamua kuchungulia herufi zenyewe. Kwenye kioo tukaona "aKosgn o". Chini yake, "yNnawg e". Nilirudia kusoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Kasongo. Nyangwe! Herufi zilikuwa zimebadilishana nafasi mbili mbili, kwa sababu mashine ya wenzetu ilipanga baiti za kila jozi kinyume na yetu. Mzee akaandika amri fupi, dd yenye neno swab, ambayo inageuza kila jozi. Safari hii tar ikafungua bila ubishi.

Watu wa Nyangwe walikuwa 17. Wa tisa ni mama mdogo, ambaye sisi tulikuwa tumekwisha kumfanyia matanga. Siku nne baadaye nilimkuta kambini, anamenya mihogo. Alinitazama, akasema nimekonda.

Mtoto anataka niifungue disketi. Hapa kwetu sijaona kompyuta yenye tundu lake. Livingstone naye aliandika habari za mauaji ya soko letu la Nyangwe, Julai 1871, juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Wino ukafifia mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, wakayatoa mwaka 2011. Disketi yangu haina wataalamu. Lakini siku ile nilinakili yale majina 17 kwa kalamu, kwenye daftari la shule, nalo lilikuwa sanduku lile lile. Mtoto amelisoma mpaka namba tisa, akaniita.