Mgongo Haushiki Bunduki

Nilikuwa darasa la tatu siku nilipopiga kelele mtu auawe. Sikuwa peke yangu, basi zima lilipiga kelele. Lakini wale wengine siwezi kuwasemea, wana midomo yao. Mimi nasema ya kwangu.

Mliokulia mwisho wa reli mtakumbuka miaka ile ya mwanzo wa 2000. Barabara ya kutoka Kigoma kupita Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi ilikuwa vumbi na pori, na mabasi yalikwenda na askari ndani. Vita ya Burundi ilikuwa imeanza mwaka 1993, ya Zaire ikafuata mwaka 1996. Watu walivuka kwa maelfu kutafuta usalama, na bunduki nazo zikavuka. Mkimbizi alipelekwa kambini akaandikishwa. Bunduki haikuandikishwa. Na tusidanganyane, jambazi hakuwa mgeni siku zote. Mara nyingine alikuwa mtu wa hapa hapa, anayejua ratiba ya basi kuliko konda.

Mama alinikabidhi kwa mjomba, mdogo wake, ambaye siku hiyo alikuwa zamu ya eskoti. Nilikuwa nakwenda likizo kwa bibi, Kibondo. Mjomba alikaa mbele karibu na dereva, SMG katikati ya magoti, nami nikakaa nyuma yake nikijiona mtoto wa serikali.

Tulikuwa tumeipita Makere tulipokuta gogo limelazwa barabarani. Dereva akakanyaga breki. Wakatokea watu wawili, mmoja na bunduki, mwingine na panga. Yule wa bunduki alipiga moja juu akamwamuru dereva ashuke. Mjomba akapiga kelele, "Polisi! Tupa silaha!" Naye akapiga moja juu. Yule mtu hakutupa. Aligeuza mtutu kwenye basi, tulikokuwa sisi. Mjomba akapiga mbili, mtu akaanguka.

Yote hayo yalikwisha kabla sijamaliza kulia. Ninachokikumbuka vizuri ni kile kilichofuata. Yule wa panga alilitupa panga lake akakimbia, akapandisha kilima katikati ya miyombo. Shati lake lilikuwa jeupe, likionekana wazi. Mjomba alikuwa amemlenga. Basi zima likalipuka: "Mpige! Mpige huyo!" Kina mama wenye watoto mgongoni, mzee mwenye kofia ya kitambaa, konda, na mimi. Nilisimama juu ya kiti nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Mjomba akashusha bunduki.

Mpaka tunafika Kibondo watu walikuwa wanamnung'unikia. Ati amemwachia nyoka na sumu yake. Nami nilimwonea aibu mjomba wangu.

* * *

Nimekua na kelele ile. Bila shaka nawe umewahi kuisikia, labda hata kuipiga. Mwizi akikimbizwa pale Mwanga sokoni, kelele ni ile ile. Redio ikitangaza kwamba majambazi wameuawa katika majibizano ya risasi, kijiweni tunasema, "Safi sana." Nani anauliza walikuwa akina nani? Nani anauliza kama majibizano yalikuwapo?

Januari 2006, Dar es Salaam, tulitangaziwa hivyo hivyo. Watu wanne, majambazi, wameuawa wakirushiana risasi na polisi. Baadaye ikaja kufahamika kwamba watatu walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge na wa nne alikuwa dereva teksi. Rais Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, na tume ikaona kwamba hapakuwa na majibizano yoyote. Watu wale walikuwa wamepelekwa msitu wa Pande wakauawa huko. Kesi ilichukua miaka. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani afisa mmoja.

Jiulize: kama marehemu wale wasingekuwa na ndugu wa kupiga hodi kila ofisi, si wangebaki majambazi mpaka leo? Na sisi si tungekuwa tumeshasema "safi sana" tukaenda kulala?

* * *

Halafu ikaja Oktoba 2018, safari hii nyumbani. Mpeta, wilaya ya Uvinza. Polisi walikwenda kuwaondoa watu katika ardhi yenye mgogoro, yakatokea mapambano. Askari waliuawa huko. Nalisema hili mapema kwa sababu askari naye ni mtoto wa mtu. Mimi nimelelewa na mmoja. Wananchi nao waliuawa. Wangapi? Hapo ndipo neno lilipokwama. Polisi walitaja wachache. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Mjini, aliwaambia waandishi wa habari kwamba waliouawa walizidi mia moja. Wakubwa wakamtaka alete ushahidi. Akakamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, na tarehe 29 Mei 2020 mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani na kumwachia kwa sharti la kutotoa maneno ya uchochezi kwa mwaka mmoja.

Mimi sikuwepo Mpeta. Sina idadi mfukoni. Ninachoweza kueleza ni jinsi mji wetu ulivyokuwa. Treni inayokuja Kigoma hupita Nguruka na Uvinza, na siku zile abiria waliposhuka stesheni walikuwa na maneno. Lakini walipofika Lumumba maneno yalikuwa yamepungua, na kijiweni kwetu yalikuwa yamekwisha kabisa. Tulizungumza bei ya dagaa. Tulizungumza Simba na Yanga. Mshkaji mmoja alianza, "Hivi mmesikia kule..." Mwingine akamkata, "Kaka, kunywa kahawa."

Usiku nilikaa nikaandika kurasa sita. Hadithi ya mama anayekwenda kituo baada ya kituo akimuulizia mwanawe. Asubuhi nikazichana, nikazitia kwenye jiko la mkaa la mama. Mama aliuliza ninachoma nini. Nikamwambia barua za msichana. Akacheka. Aibu hiyo ninayo bado.

* * *

Mwaka jana tu, 2025, uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba ukafuatwa na yale mnayoyajua. Mtandao ukazimwa nchi nzima, Dar es Salaam ikawekewa marufuku ya kutoka usiku, risasi zikapigwa, watu wakafa. Kwa mara nyingine idadi ikawa ndiyo ugomvi. Novemba, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Wiki ile mtandao ulipofunguliwa, simu zikaanza kuleta picha ambazo sitazisimulia. Nilitoka nikapanda daladala mpaka Ujiji kwa mjomba. Alikwisha staafu, sasa anauza mawese. Nilimkuta barazani na buli la kahawa, redio pembeni ameizima.

Nilimwamkia, nikakaa. Tukanywa kikombe cha kwanza bila neno. Cha pili nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu utoto.

"Mjomba, yule wa Makere uliyempiga. Ilikuwa halali?"

Hakukasirika. "Alitugeuzia mtutu, mjomba. Basi lilikuwa limejaa. Wewe ulikuwa nyuma yangu. Ningefanyaje?"

"Na yule aliyekimbia? Mbona hukumpiga?"

Alifikiri. "Alikuwa ameshatupa panga. Nilichokiona ni mgongo. Mgongo haushiki bunduki."

"Na kama alikwenda kuua wengine mbele ya safari?"

"Unafikiri hilo sijaliwaza?" Akaweka kikombe chini. "Kila niliposikia gari limetekwa, nililiwaza. Labda ni yeye. Labda siye. Lakini siwezi kumuua mtu kwa kosa ambalo mimi ndiye ninalibuni kichwani."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Walipopewa silaha walitia saini. SMG namba fulani, risasi thelathini. Aliporudisha zilikuwa ishirini na saba. Hakulala siku ile mpaka ameziandikia zile tatu, kila moja: ya kwanza juu, kutoa onyo, ya pili na ya tatu kwa mhalifu mwenye silaha. Ikikosekana moja bila maelezo, bwana, utajuta kuzaliwa.

"Na yule mtu," nikauliza, "uliandika jina lake?"

Mjomba alitazama barabarani kwa muda. Mtoto mmoja alikuwa anapita na sinia la migebuka kichwani.

"Hakuna aliyeniuliza jina. Tuliandika 'jambazi mmoja'. Kabla hajakata roho aliomba maji. Nilimpa, ya kwenye dumu la konda. Ningeweza kumuuliza jina wakati ule. Sikumuuliza."

* * *

Nilirudi nyumbani nikatafuta sheria, kwa sababu mjomba alisema sheria ipo na wao walifundishwa. Ni kweli ipo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamkataza askari anayekamata mtu kufanya tendo linaloweza kumuua mtu huyo, isipokuwa akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba ni lazima ili kuokoa maisha au kuzuia mtu mwingine asidhurike vibaya. Kukimbia peke yake hakutoshi. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinasema karibu hayo hayo, zikiongeza kwamba askari ajitambulishe, atoe onyo kama nafasi ipo, aliyejeruhiwa apewe msaada haraka, ndugu zake wapashwe habari, na tukio liripotiwe. Koplo mmoja kwenye vumbi la Makere alizitimiza karibu zote bila kuwa na kitabu mkononi, huku basi zima likimpigia kelele avunje.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wanaosema polisi asipige risasi kamwe. Bila zile mbili za mjomba pengine nisingekuwa hapa kuandika. Wala sikubaliani na wale wanaosema raia mwema hana cha kuogopa. Daudi Mwangosi alikuwa kazini, mwandishi wa habari, alipouawa kwa bomu la machozi kule Nyololo, Iringa, tarehe 2 Septemba 2012. Askari aliyelipiga alifungwa miaka kumi na mitano mwaka 2016. Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Usafirishaji, alikuwa ndani ya daladala Kinondoni tarehe 16 Februari 2018 risasi ilipompata, polisi wakitawanya waandamanaji. Askari walikamatwa, kisha jalada likafungwa bila mtu kufikishwa mahakamani.

Tunapouliza risasi ya polisi ni halali lini, huwa tunabishana juu ya sekunde ile tu. Alitishiwa? Hakutishiwa? Mimi nadhani nusu ya jibu iko kabla ya sekunde ile na nusu iko baada yake. Risasi halali ni ile inayoweza kusimuliwa mchana kweupe: nani aliipiga, kwa nini, ilimpata nani, mtoto wa nani, amezikwa wapi. Mjomba aliweza kusimulia yake, ila jina. Na jina hilo moja linamsumbua mpaka leo, ingawa kila mtu alimwambia amefanya vyema.

Basi angalia ajabu ya mambo. Serikali inajua kuhesabu. Risasi inatoka ghalani kwa saini na kurudi kwa saini, na ikipotea moja watu hawalali. Binadamu wakipotea, anayeuliza idadi ndiye anayetakiwa alete ushahidi. Mahali ambapo maiti hazina hesabu, askari mwema na askari mwuaji wanafanana, na hilo linamwonea yule mwema kwanza.

Mtaani tunawaita FFU "Fanya Fujo Uone", tunacheka. Tunajua mzaha huo maana yake nini. Lakini nani aliwapa mazoea hayo? Waliosimama juu ya viti wakipiga kelele "mpige" nao wana sehemu yao. Mimi nina sehemu yangu.

Wenzangu wa kalamu, sisi hatuna bunduki wala tume. Tunachoweza ni kuandika majina tunayoyajua na kukataa neno "jambazi mmoja" mpaka litolewe maelezo. Zile kurasa sita za mwaka 2018 nimezianza upya. Mama anauliza naandika nini usiku kucha. Safari hii sikumdanganya.

Nilipokuwa naondoka Ujiji mjomba alinisindikiza mpaka kituoni. Daladala ilipofika akanishika mkono akasema, "Mjomba, ukiandika, usinifanye shujaa. Andika kwamba sikumuuliza jina."

Nimeandika.