Da, uwanjani watanivua mtandio?



Bi harusi akija kuchukua gauni lake kwangu na tayari ana tiketi mkononi, huwa na suali moja analibakisha mpaka mwisho. Gauni limeshakunjwa, pesa zimeshahesabiwa, mama yake ameshatangulia mlangoni. Hapo ndipo anashusha sauti: "Da, hivi kule uwanjani watanivua mtandio?"

Wengi ninaowashonea siku hizi hawabaki hapa baada ya harusi. Huyu anafuata mume Maskati, yule London, mwengine Toronto. Na mimi mwenyewe hupanda ndege mara tatu au nne kwa mwaka kufuata vitambaa Dubai, na nimeshafika Guangzhou na Ulaya pia. Nimepapaswa vya kutosha kuweza kujibu.

Watakukagua, mdogo wangu. Huo ukaguzi haukwepeki na wala sitaki ukwepeke, maana nikikaa angani futi elfu thelathini nataka na yule wa kiti cha jirani awe amekaguliwa. Lakini kukaguliwa ni jambo moja, na kuvuliwa ushungi mbele ya foleni ya wanaume ni jambo jengine. Nchi nyingi zinakuruhusu uombe mkaguzi wa kike na chumba cha faragha. Marekani hata huweza kukuambia ujipapase mwenyewe kichwani juu ya mtandio, kisha wakakufuta viganja kwa kijitambaa wakakipima kwenye mashine, basi ukapita. Viwanja vingi vya Ghuba vina kibanda cha pazia kwa wanawake, unaingia, unapimwa na mwanamke mwenzio, unatoka. Kule hata huhisi kitu.

Tabu iko kwengine, na tabu yenyewe ni kwamba haki hiyo hupewi mpaka uiombe.

Mwaka juzi nilikuwa nabadilisha ndege katika uwanja mmoja mkubwa wa Ulaya. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo bibi wa kwetu, umri wa mama yangu au zaidi, anakwenda kumuuguza mkwe wake aliyejifungua. Tulikuwa tumeshasalimiana kwenye ndege. Alipopita, mashine ikalia. Mkaguzi, kijana wa kiume, akamnyooshea kidole kichwani na kupandisha sauti, kama kwamba Kiingereza kikipigiwa kelele kitageuka Kiswahili. Bibi wa watu akaanza kutoa pini, moja baada ya moja, anaziweka kwenye trei pamoja na tasbihi yake. Mikono inamtetemeka. Nyuma yetu watu wanaguna, wanatazama saa.

Nikatoka kwenye foleni yangu nikamshika mkono. "Mama, subiri. Usivue." Nikamwambia yule kijana kuwa tunaomba mkaguzi wa kike na chumba. Akasema tusubiri pembeni. Tulisimama zaidi ya nusu saa, bila viatu, mikoba yetu iko upande wa pili inaangaliwa na Mungu peke yake. Alipokuja mwanamke alikuwa mpole, sina la kumsema. Ndani ya chumba alimpapasa bibi nywele, akakuta kibanio cha chuma, kwisha. Bibi akaniuliza nimtafsirie, nikaona aibu kutafsiri: "Muulize, kwani wanatafuta nini kwenye mvi zangu?"

Ndege tuliiwahi kwa mbio. Njia nzima hakusema neno, na mtandio aliufunga mara tatu, kila mara anaufungua anaufunga upya.

Kinachotafutwa kina historia yake. Disemba 2001 mtu mmoja alipanda ndege ya kutoka Paris kwenda Miami na baruti ndani ya viatu. Baadaye Marekani ikalazimisha watu wavue viatu, na sharti hilo wameliondoa Julai 2025 tu. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walikamata watu waliopanga kulipua ndege kwa vimiminika vya kutia kwenye chupa za vinywaji, na ndiyo maana hadi leo katika viwanja vingi marashi yako ya zaidi ya mililita 100 yanatupwa kwenye pipa. Krismasi ya 2009 kijana aliyekuwa akienda Detroit alificha baruti ndani ya nguo ya ndani, zikaenea mashine zile unazoingia na kunyanyua mikono. Wote hao walidai wanatenda kwa jina la dini yetu. Wao walifanya, na hesabu inalipwa na bibi wa miaka sabini mwenye kibanio. Wakikwambia umechaguliwa kwa bahati nasibu, cheka kimoyomoyo. Bahati hiyo ingekuwa ya kweli ningeshanunua tiketi za bahati nasibu na kutajirika, kama zingekuwa halali.

Lakini nimesomea ushoni, na hiyo mashine naielewa kwa jicho la fundi. Mawimbi yake hupita kwenye kitambaa na kurudi yakigonga mwili. Penye mkunjo mnene, fundo, kibanio, pini au kitu kigumu, inaweka alama hapo mkaguzi aje apapase. Haijui dini. Mtandio uliozungushwa mara nne na kufungiwa pini saba juu ya shungi la nywele ni kitu kinene kichwani. Baibui la mawe kifuani na zari mikononi, nalo linasababisha upapaswe kote huko. Basi siku ya safari mimi huvaa baibui jepesi lisilo na urembo, kofia ya ndani ya pamba, na mtandio wa kitambaa kinachovutika nilioushona mwenyewe usiohitaji hata pini moja. Nywele nazisuka chini, sizipandishi. Tokea nianze hivyo mara nyingi napita moja kwa moja. (Si tangazo hili, ingawa ukinipigia simu sitakasirika.)

Unaweza kuniambia, kwa nini mimi ndiye nijipunguze wakati kosa si langu? Kweli. Wifi yangu ananiambia hivyo hivyo, yeye anavaa pini zake zote na kila safari anaomba chumba, na nusu saa yake anaitoa. Namheshimu kwa hilo. Mimi nina mizigo ya watu na mkopo wa benki, nachagua kupita.

Sasa nyinyi maharusi, mna yenu zaidi.

Piko na hina hadi kwenye ncha za vidole vinapendeza, lakini mashine za alama za vidole zinaweza kushindwa kuzisoma. Kama bado hujachukuliwa alama za viza, mpambaji akuachie ncha za vidole. Dhahabu usiitie kwenye begi la kupakia hata siku moja. Iweke kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya kifuko kimoja, na wakitaka kukifungua waombe wakifungulie faragha, si mezani mbele ya macho mia.

Mafuta ya nazi, asali, singo iliyokwisha kuchanganywa, marashi ya mama mkwe, yote yashuke kwenye begi la chini. Wanaangalia chupa, hawaangalii kilichobaki ndani. Penye sharti la mililita 100, chupa ya mililita 200 iliyobaki robo inatupwa vile vile. Anayekwenda Marekani ajue kuwa na unga unahesabiwa, tangu 2018. Hina au liwa inayozidi mililita 350 usiibebe mkononi. Halua nayo! Kwenye picha ya mashine ni donge zito lisiloeleweka, lazima begi lifunguliwe. Na asubuhi ya safari usijipake losheni mikononi. Nyingi zina glisarini, na kile kijitambaa cha kupimia viganja huweza kuilalamikia kama baruti.

Mkasi wangu wa kushonea hushuka chini siku zote. Ulaya hawataki makali ya zaidi ya sentimita 6.

Anayevaa nikabu, uso utatakiwa kwenye pasipoti, hilo halina mjadala. Kwa mashekhe niliowauliza, dharura kama hiyo ina hukumu yake. Muombe afisa wa kike kabla hujafika dirishani, si ukishafika. Jifunze Kiingereza cha kuomba mwanamke na chumba cha faragha, hata kama hujui neno jengine lolote. Mama yako pia mfundishe. Mwandikie kwenye karatasi aitie ndani ya pasipoti, aionyeshe tu.

Na bwana harusi naye mweke sawa kabla hamjatoka nyumbani. Namjua mmoja aliyeona mkewe anashikwa bega akaanza kufoka pale pale kwenye mashine. Walimchukua yeye wakamweka chumba chake, mke kapita salama na kamsubiri saa nzima na mabegi manne. Yeye ashike mikoba, aombe kwa upole, na asogee upande wa pili akusubiri na viatu vyako.