Lifti Mbili za Minamiuonuma

Mimi ni mtu wa Tanga. Hadi Septemba 2005 barafu niliyoijua ni ile ya ubuyu inayouzwa kwenye vifuko, na theluji nilikuwa nimeisoma kwenye jiografia tu. Mwezi huo nilifika Minamiuonuma, mkoani Niigata, Japani, kwa masomo ya uzamili. Kila aliyenipokea alinipa onyo lile lile: ngoja Desemba.

Desemba ilipofika, theluji ilianguka siku tatu mfululizo. Mzee jirani yangu alinichorea ramani nyuma ya karatasi ya tangazo ili nielewe kisa cha theluji ile. Upepo mkavu unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani yenye maji ya uvuguvugu, unabeba mvuke hadi unashiba, kisha unakutana na milima na kuushusha mzigo wote upande wetu. Ukipanda treni ya kasi ya Shinkansen ukapita chini ya milima hiyo kwenda Tokyo, safari ya kama saa moja na nusu, unakuta jua linawaka.

Majira yale ya baridi Wajapani wanayataja hadi leo. Februari 2006, huko Tsunan, si mbali na kwetu, kina cha theluji kilipita mita 4. Watu zaidi ya 150 walikufa nchi nzima, wengi wao wazee walioanguka wakishusha theluji kutoka kwenye mapaa. Kazi hiyo ina jina lake, yuki-oroshi, na ndiyo iliyonizoesha maisha ya pale. Mzee alikuwa anakaribia miaka 70, watoto wake wako Tokyo, nami nilikuwa kijana mwenye nguvu. Tulipanda na mabeleshi mara mbili kwa wiki. Barabarani mabomba yalirusha maji ya chini ya ardhi kuyeyusha theluji, ubunifu uliotoka Nagaoka, mji wa jirani, na kwa sababu maji yale yana madini ya chuma, lami yote ilikuwa imegeuka rangi ya kutu. Niliwatazama watu wakiinama asubuhi na jioni, nikaamini kwamba hapa theluji ni adui tu.

Jumapili moja ya Januari tulimaliza paa mapema. Mzee aliniita "oniisan", kaka mkubwa, kama wanavyowaita vijana wa kiume, akaniambia nivae glavu kavu. Mimi nilimwita "ojisan", jina la heshima kama mjomba. Tulikwenda kwa gari lake dogo hadi uwanja wa skii wa kijiji.

Ulikuwa mteremko mmoja tu, na lifti mbili za viti vya mtu mmoja mmoja. Chini palikuwa na kibanda chenye jiko la mafuta ya taa, na akina mama wa kijiji wakipika wali wa kari na tambi za udon. Tiketi zilikuwa za karatasi, ukilipia safari kumi unapewa kumi na moja. Mhudumu wa lifti alipangusa kila kiti kwa ufagio kabla hujakaa, na ulipoanza kupaa alikuambia "itterasshai", neno ambalo Mjapani humwambia anayetoka nyumbani: nenda, urudi. Alimwambia hivyo kila mtu, hata mtoto aliyepanda kwa mara ya ishirini siku ile. Nimeshatembelea viwanja vikubwa vingi tangu hapo, na neno hilo ndilo ninalolikosa kuliko yote.

Na watoto! Shule ya msingi ilifanyia vipindi vya michezo pale, kwa hiyo hata wa darasa la kwanza walishuka wakipinda kushoto na kulia kama samaki. Bibi zao walisimama chini na chupa za chai. Hawa walikuwa watu wale wale niliowaona wakipambana na mabeleshi asubuhi. Hapo ndipo nilipoelewa mteremko ule ni wa nini. Ulikuwa mahali pekee kijijini ambapo theluji iliwarudishia kitu.

Iliwarudishia na riziki. Mzee alinieleza kwamba zamani wanaume wa nchi ya theluji walikuwa wakivuna mpunga, kisha wanaondoka kwenda kufanya vibarua mijini, na wake zao wanabaki na watoto na mapaa hadi Aprili. Lifti zilipojengwa, mkulima aliweza kulala kwake mwaka mzima. Yule wa ufagio naye alikuwa mkulima wa Koshihikari, mchele ulioipa Uonuma, eneo lile, sifa Japani nzima, na maji ya mashamba yake yalitoka kwenye theluji ile ile.

Skii yenyewe Wajapani walifundishwa hapo hapo Niigata, katika mji wa Takada, tarehe 12 Januari 1911. Mwalimu alikuwa ofisa wa jeshi la Austria-Hungaria, Theodor von Lerch, na alitumia fimbo moja badala ya mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mchezo ukawa homa ya nchi. Desemba 1990 ulifunguliwa uwanja wa Gala Yuzawa, ambapo Shinkansen inakushusha ndani ya jengo la skii lenyewe. Miaka michache baadaye watelezaji walikaribia milioni 18. Mzee alikumbuka foleni ya saa nzima hata kwenye lifti zao mbili, na nyumba za wakulima zilizogeuzwa nyumba za wageni. Nilipofika mimi homa ilikuwa imeshapoa. Wageni wa Tokyo waliobaki walikwenda kwenye viwanja vikubwa, na kijiji kikabaki na mteremko wake.

Siku hiyo nilianguka mara nyingi mno. Tulipokuwa tunakunywa chai, mzee aliniuliza kama nchi yangu iko karibu na ya Mkenya wa Nagano. Alikuwa anamkumbuka Philip Boit, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, aliyemaliza wa mwisho mbio za skii za kilomita 10 huko Nagano mwaka 1998, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja mwishoni ili amkumbatie. Nilimjibu kwamba ni jirani yetu. Mzee akaenda kuwaeleza akina mama wa jikoni, na sahani yangu ikaongezwa wali.

Nilirudi 2014. Lifti moja ilikuwa imesimama kwa kukosa vipuri, na shule imeunganishwa na nyingine iliyo mbali, hivyo watoto walikuja kwa basi mara mbili tu kwa msimu. Januari 2020 nilirudi tena, nikakuta majani makavu mlimani. Theluji haikuja msimu ule, na sehemu nyingi za Japani zilipata hasara hiyo. Mhudumu alikuwa kibandani na ufagio wake, anangoja. Kabla ya msimu mwingine kuanza, wenye mamlaka walitangaza kwamba uwanja umefungwa kwa sababu mapato ya tiketi hayatoshi kulipia umeme na ukaguzi wa lifti.

Uamuzi huo niliuona kosa, na bado nauona hivyo. Hakuna anayeifunga barabara ya kijiji kwa sababu haiuzi tiketi. Uwanja ule ulistahili kuhesabiwa pamoja na barabara na shule, kwani watu wanaobeba theluji mgongoni miezi minne wana haki ya kuicheza saa mbili siku ya Jumapili.

Februari 2025 theluji ilirudi kwa kishindo. Huko Tsunan ilipita mita 3. Nilikwenda kumsaidia mzee, ambaye sasa haruhusiwi na wanawe kupanda juu. Kutoka kwenye paa lake mteremko unaonekana wote, mweupe, haujakanyagwa, na nguzo za lifti zimezama hadi nusu. Viti vimeshaondolewa. Nilifanya kazi tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Niliposhuka, theluji ilikuwa imeanza kuanguka tena.