Kilomita 500 za Kwanza

Siku tulipoichukua pikipiki, saa ya kilomita ilisoma 3. Kakangu mdogo alizitazama hizo kilomita tatu kwa wivu, akamuuliza muuzaji ni nani aliyezitembeza kabla yake. Muuzaji akacheka, akasema ni kijana wa kuiunganisha, aliizungusha uwanjani kuijaribu. Kisha akatupa kijitabu, helmeti mbili, na onyo alilolisema haraka kama mtu anayesoma masharti ya mkopo: kilomita 500 za kwanza usiikimbize, usibebe mzigo mzito, ukifika 500 rudi tumwage oili.

"Sawa sawa," kakangu akasema. Alikuwa ameshavaa helmeti.

Malipo ya kwanza niliyatoa mimi, elfu 35 nilizokuwa nimejiwekea kwa sababu nyingine ambayo sasa haina maana kuitaja. Salio lilikuwa mkopo: shilingi 480 kila siku, Jumapili ikiwemo, kwa mwaka mmoja na nusu. Ukikosa kulipa siku tatu wanaizima pikipiki wakiwa ofisini kwao, kwa kubonyeza kitu fulani kwa kompyuta. Unaamka asubuhi unakuta nduthi yako imekuwa kiti.

Sasa piga hesabu na mimi. Steji yake iko Njiru. Safari nyingi ni za fifty bob, soo ukibahatika. Kuna 480 ya mkopo, kuna petroli, kuna chai na chapati ya saa nne, na kuna mtoto wake mdogo anayekunywa maziwa. Mtu wa hesabu hiyo ukimwambia aende polepole na abebe mmoja mmoja, ni kama unamwambia asile.

Jioni ile ile alibeba abiria wawili na gunia la viazi, barabara ya vumbi, gia ya pili, injini ikilia kama mtu anayenyongwa. Najua kwa sababu alinitumia video, akijisifu. Sikumkanya. Kusema kweli, ni mimi niliyempigia simu saa tatu usiku kumuuliza, "Ushalipa ya leo?"

Baba alitushtukia siku ya nne. Anaishi Tala, na hapigi simu bila sababu.

"Mama," akasema (huniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mamake), "hiyo mashini imetembea ngapi?"

"Kama 600 hivi, Baba."

"Na oili?"

Nikanyamaza. Akasema, "Mwambie kijana aje hapa," akakata.

Baba alikuwa dereva wa chama cha ushirika cha kahawa pande za Kangundo, na hadithi anayoipenda kuliko zote ni ya 1986, alipotumwa Nairobi kuchukua Peugeot 504 pikapu mpya kabisa, viti bado viko ndani ya nailoni. Ameisimulia mara nyingi hadi mimi na kakangu tunaweza kuisimulia kwa zamu. Aliambiwa asipite 80 hadi afike kilomita 1,000, asikae kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu, asipakie sana. Alipofika, mwenyekiti alikuwa ameshapanga magunia ya kahawa nje ya stoo. Baba akakataa. Mwenyekiti akapaza sauti, wanakamati wakaitwa. Baba akachomoa ufunguo akautia mfukoni. "Gari halijajijua," akawaambia. Wiki mbili alilitembeza tupu, Tala, Kangundo, Machakos, akipanda na kushuka, huku kahawa ikibebwa na trekta la kukodi. Pikapu hiyo ilifanya kazi hadi Baba akastaafu na injini haikufunguliwa hata siku moja. Hapo huwa ananyamaza kidogo ili tushangae.

Nikiwa mdogo nilidhani ni ushirikina wa madereva. Si ushirikina. Ukuta wa silinda mpya hauachwi laini kama kioo. Huchorwa mikwaruzo midogo sana inayopishana kama wavu, ili ishike oili. Ringi za pistoni nazo ni mpya, hazijakaa sawasawa na ukuta huo. Katika zile kilomita za kwanza, ringi na ukuta vinasuguana, vilele vya mikwaruzo vinalika, hadi viwili hivyo vinaoana: gesi ya moto haivuji kwenda chini, oili haipandi juu kuungua. Na vile vilele vilivyolika vinaenda wapi? Kwa oili. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa pikipiki hutaka oili ya kwanza imwagwe mapema, imebeba unga wa chuma. Tena kwa pikipiki ndogo oili yote ni kama lita moja, na lita hiyo hiyo inalainisha injini, gia na klachi.

Kuna wale wanaoelewa vibaya, wanaibembeleza injini mpya kama yai. Hilo nalo ni kosa. Ringi husukumwa zikabane ukuta na nguvu ya mlipuko ulio juu ya pistoni. Ukiitembeza injini kwa woga kila siku, au ukiiacha inanguruma imesimama, ringi zinaweza kukosa kukaa, ukuta ukashika utando unaong'aa, na ikaanza kula oili. Inataka kazi ya wastani: vuta, achilia, badilisha gia, panda kilima, pumzika.

Kazini kwetu kuna jamaa alinunua gari zero kilomita, jambo la nadra Nairobi, maana wengi wetu hununua gari ambalo Mjapani alishalizoesha zamani. Akauliza kama aimwage oili kwa 1,000 ama angoje 10,000 kama kitabu kinavyosema. Ofisi ikagawanyika kama siku ya uchaguzi. Jibu langu, ambalo hakuna aliyeniomba: soma kitabu cha gari lako. Injini za siku hizi huchongwa kwa usahihi mkubwa, na kuna watengenezaji, Honda wakiwemo, ambao wamewahi kuwashauri wateja wasiharakishe kuimwaga oili iliyotoka nayo kiwandani. Lakini soma hadi ule ukurasa ambao watu huruka, unaosema oili ibadilishwe mapema zaidi kwa mazingira magumu: vumbi, safari fupi fupi, foleni ya kusimama na kusonga. Hiyo ni Nairobi imeelezwa bila kutajwa jina. Ukikaa Jogoo Road saa nzima ukasonga kilomita nne, oili imefanya kazi saa nzima, lakini saa ya kilomita imehesabu nne tu. Wengi hapa humwaga kwa 5,000 na sioni ujinga wowote.

Kakangu hakusoma ukurasa wowote. Oili ya kwanza aliimwaga kwa kilomita 1,900, tena baada ya kelele za Baba. Zilizofuata alimwaga siku akiwa na pesa. Katikati alikuwa akiongeza oili ya kupimiwa, ile inayouzwa kwa kichupa kando ya barabara, na hakuna anayejua ilitoka kwa injini gani kabla ya kuingia kwa yako. Mwezi wa nane nduthi ikaanza kutoa moshi wa bluu. Abiria wakaanza kuikwepa, kina dada hasa, kwa sababu ya nguo. Mwezi wa tisa ikazimika Ruai na mteja mgongoni.

Tulipokaa kwa Baba Jumapili hiyo, hakupandisha sauti. Alisema tu, "Nilimwambia."

Sijui ni nini kilinishika. Nikasema, "Baba, wewe ulikuwa na mshahara."

Akanitazama.

"Ile 504 haikukulisha. Ulitia ufunguo mfukoni wiki mbili na mwisho wa mwezi ukalipwa. Huyu akitia ufunguo mfukoni siku tatu, wanaizima."

Kakangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama akatoka na sahani zikiwa bado na chakula. Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Ni ngapi kwa siku?"

"480," kakangu akasema.

"Kila siku?"

"Hata Krismasi, Mzee."

Baba akatikisa kichwa polepole. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alizidisha 480 kwa 30.

Fundi wetu wa Grogan aliifungua injini akatuonyesha pistoni, imekwaruzwa wima kama mtu ameipitisha kwa ukuta wa simiti. Tukanunua silinda mpya na pistoni na ringi zake. Fundi akasema tuweke oili ya kawaida ya pikipiki, orijino, yenye sili. "Sinthetiki mtaweka baadaye. Sasa hivi nataka ringi zisuguane, zisiteleze. Na msiniletee oili ya gari, klachi itaanza kuteleza mnilaumu." Kisha akamgeukia kakangu. "Na wewe, 500. Haraka ya nini?"

Kakangu akanitazama mimi.

Nilipiga hesabu kwenye matatu nikirudi nyumbani. Siku kumi na mbili. 480 mara 12 ni 5,760. Niliwahi kutumia zaidi ya hizo kwa viatu. Nikampigia: siku kumi na mbili mkopo ni wangu, wewe beba mmoja mmoja, mzigo hapana, usiku lala. Alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika. "Siz," akasema, "ungenifanyia hivi mara ya kwanza." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana lilinikaa.

Kwa kuwa saa ya kilomita hairudi sifuri ukibadilisha silinda, aliandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya selotepu kwenye tangi: 26,412. Chini yake: 26,912. Watu wa steji walimcheka, wakamwita dereva wa maiti. Kila jioni alinitumia picha ya namba ilipofika, bila maneno.

Zile za mwisho tulizimalizia pamoja Jumamosi, mimi nimekaa nyuma, Kangundo Road, Kamulu, Joska, Malaa. Hakuzidi 50. Malori yalitupita, probox zilitupita, hata baiskeli moja ilitupita kwenye mteremko. Alikuwa akivuta kidogo, anaachilia, anabadilisha gia, na kwa mara ya kwanza niliisikia injini yenyewe badala ya kusikia haraka yetu.

Baba alikuwa ametuwekea karai chini ya mwembe. Kakangu akafungua nati, oili ikashuka ya moto, nyeusi kuliko nilivyodhani baada ya kilomita 500 tu. Baba akachuchumaa, magoti yakalia, akachovya vidole viwili akavisugua, kisha akavielekeza kwa jua. Kulikuwa na kitu kinametameta, kidogo, kama vumbi la fedha.

"Ni mbaya?" kakangu akauliza.

"Ndiyo inatakiwa. Ya pili haitakuwa hivi." Akajipangusa vidole kwa suruali, jambo ambalo Mama atamwuliza. "Hii oili chafu niachie, nipake nguzo. Mchwa wamenimalizia ua."

Kakangu akamimina oili mpya kidogo kidogo, akaangalia kijiti, akamimina tena. Simu yake ikalia. Ni mteja wa Njiru, yule wa mitungi ya gesi, alitaka achukuliwe kabla ya saa nane. Alimsikiliza hadi mwisho akiangalia ile selotepu.

"Leo siko," akamwambia. Kisha akaniangalia, kama anayeuliza, nami nikamwonyesha simu yangu. Ya siku hiyo nilikuwa nimeshailipa.