Ule Haukuwa Mbungo

Nilikosea, na kosa lenyewe bado linachipua kando ya Mto Lumi.

Kikundi chetu kilitaka kurudisha miti na mitambazi ya asili kwenye kipande cha msitu wa Taveta ambacho migomba imekisogelea mpaka majini. Mimi ndiye niliyejitia mjuzi. Nikawaonyesha wenzangu mtambazi uliokuwa umepanda ua wa jirani (ua, si msitu; hapo tu ningeshtuka), nikatamka: huu ni mbungo, Saba comorensis, ule wa juisi ya mabungo ya Unguja na Pemba. Tukakata vijiti, tukavipanda.

Nilitegemea nini? Majani magumu yanayong'aa, yamekaa mawili mawili yakitazamana. Nikavunja moja, ukatoka utomvu mweupe. Basi. Hata mkuyu una utomvu kama huo, lakini sikuwa na subira ya kungoja ua wala tunda.

Mzee mmoja aliyekula mabungo tangu utotoni aliupapasa mche kwenye vifundo, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hauna vikono?" Nikamwambia, "Bado mchanga, babu." Jibu hilo linaniuma kuliko upanzi wenyewe. Mbungo hukwea kwa vikono vinavyojisokota kwenye matawi ya miti mingine. Wangu ulirusha fimbo ndefu nyembamba na kujizungusha kwa shina.

Ulipochanua nikafadhaika. Ua la mbungo ni jeupe, lina koo la manjano na harufu nzuri. Haya yalikuwa matarumbeta mapana ya zambarau hafifu. Tunda nalo, badala ya duara la rangi ya chungwa, likawa pembe mbili ngumu zenye mbavu, ndani zimejaa mbegu za sufi. Cryptostegia grandiflora, mgeni wa kutoka Madagaska aliyesambazwa kwa ajili ya mpira na maua yake. Una sumu inayovuruga moyo. Queensland, Australia, ulifunika kingo za mito hata wakaachilia ukungu wa kutu kuushambulia, mwaka 1995.

Tumeng'oa tuliyoiona. Ukikatwa juu tu unachipua, kwa hiyo tunachimba mizizi. Lakini vijiti vingine niliwagawia watu wa chini, upande wa Ziwa Jipe, Lumi unakoishia. Aliyepokea kwangu aung'oe kabla pembe hazijapasuka, na mbuzi awaweke mbali. Asiyeweza kuchimba aniite, jembe ninalo.