Kipimo cha Pombe

Mtu hujulikana kwa mambo mawili: kile ajengacho mbele ya macho ya watu, na kile ajengacho mahali ambapo watu hawaoni. Habari ninayotaka kuiandika hapa ni ya hicho cha pili. Nalijenga chumba cha kupikia na kunywea pombe chini ya nyumba yangu, katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani. Na kazi hiyo, niliyoianza kama mchezo wa mikono, ilinipa somo ambalo sikulitazamia. Msomaji ambaye dini yake yamkataza kileo ataniwia radhi. Siandiki kumshawishi anywe, wala siandiki kumhubiria anywaye aache. Naandika juu ya kipimo, na kipimo ni jambo liwahusulo wanywao na wasiokunywa sawasawa.

Sisi tuliozaliwa katika nchi za joto hatuna desturi ya kuchimba vyumba chini ya nyumba zetu. Huko Wisconsin desturi hiyo imeletwa na lazima. Ardhi huganda wakati wa baridi, na udongo ulioganda huvimba ukainua chochote kilichokaa juu yake. Kwa hiyo msingi wa nyumba hauna budi kushuka chini ya kina kinachofikiwa na barafu, nacho huhesabiwa huko kuwa sentimita 120 hivi. Mjenzi aliyekwisha kuchimba kiasi hicho huona ni hasara asiendelee kidogo akapata chumba kizima. Humo huwekwa tanuri la kupashia nyumba joto, pipa la maji ya moto, mashine ya kufulia nguo, na vitu vyote ambavyo mwenye nyumba hataki kuviona wala hana moyo wa kuvitupa. Changu kilikuwa na urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, na dari yake ilikaribia kugusa kichwa changu. Ngazi ya kushukia ilikuwa na vidato 13. Naomba vidato hivyo vikumbukwe.

Mji wenyewe ni wa bia. Wajerumani waliohamia huko katika karne ya 19 walikuja na ujuzi wao, na kabla ya mashine za kupoza hazijaenea walichimba mapango katika vilima, wakayajaza barafu iliyokatwa wakati wa baridi, ili bia ikae humo miezi mingi ikiiva polepole. Jina la bia ya namna hiyo, laga, latokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kuweka ghalani. Basi tangu zamani pombe ya huko ni mtoto wa chini ya ardhi. Baadhi ya viwanda vikubwa vimekwisha kuondoka: Schlitz ilifunga kiwanda chake mjini humo mwaka 1981, na Pabst ikafuata mwaka 1996. Lakini vyumba vya chini vya nyumba za watu vimebaki, na ndani ya vingi vyake utakuta kaunta ya mbao, viti virefu, na taa hafifu.

Sheria nayo ina historia yake. Kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933 kutengeneza na kuuza pombe kulipigwa marufuku Marekani nzima. Marufuku ilipoondolewa, mtu aliruhusiwa kutengeneza mvinyo nyumbani kwake, lakini bia ilisahauliwa. Na kosa hilo la kusahau lilidumu mpaka Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria iliyolirekebisha. Tangu hapo mtu mzima mmoja aweza kupika galani 100 kwa mwaka, yaani lita 378, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galani 200, yaani lita 757, kwa sharti kwamba asiuze. Niliposoma tarakimu hizo nilicheka. Nilidhani hakuna mtu awezaye kuugusa mpaka huo, na kwa hiyo hakuna awezaye kupotea.

Jirani yangu, mzee aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda cha bia maisha yake yote, alinipokea katika chumba chake cha chini juma la kwanza la ujirani wetu. Kaunta yake ilijengwa na baba yake. Nalitamani niwe na kama ile. Mzee alinipa shauri moja tu: nisipige hata msumari mmoja kabla chumba changu hakijapita majira ya kuyeyuka theluji, nikaona maji yanaingilia wapi. Nilimshukuru, na mwezi uliofuata nikaanza kupiga misumari.

Nilijenga kaunta ya mwaloni yenye urefu wa mita 3, nikaiegemeza ukutani, nikaipaka vanishi mara nne mpaka ikang'aa kama kioo. Mwezi wa Machi theluji iliyeyuka. Maji yalipenya pale sakafu ilipokutana na ukuta, yakaja kimya kimya usiku, na asubuhi miguu ya kaunta ilikuwa imesimama ndani ya maji. Mbao zilivimba, zikapinda, vanishi ikatoka magamba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika guu, bali nilivunja kaunta yangu mwenyewe kwa shoka, nayo ilikuwa kazi ya miezi mitatu. Mzee alikuja kunisaidia kuibeba nje, wala hakusema neno. Adabu yake ile ilinifunza zaidi kuliko lawama.

Mara ya pili nilianza na maji. Niligeuza mifereji ya paa imwage mbali na msingi, nikachimba kisima kidogo pembeni mwa sakafu na kutia pampu ya kuyatoa yanapojaa, nikasubiri mwaka mzima. Kisha nikajenga, nikiacha nafasi ya hewa kati ya mbao na saruji. Kwa kuwa moto wa gesi katika chumba kilichofungwa huzaa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, nilichagua chungu cha umeme, na fundi mwenye leseni akavuta waya. Pombe inayochacha nayo hutoa hewa ya kaboni, ambayo ni nzito kuliko hewa tuvutayo na hulala chini kama maji. Kwa hiyo nikaweka feni ya kuitoa nje. Chumba cha chini ni kama moyo wa mtu: kikikosa njia ya kupumua, kilichomo ndani yake humdhuru mwenyewe.

Nilipoanza kupika, niligundua kwamba kazi hiyo sikuwa mgeni nayo. Nilizaliwa Kilimanjaro, katika kihamba, na bibi yangu alikuwa mpishi wa mbege. Alichemsha ndizi mbivu saa nyingi mpaka maji yake yakawa mekundu, akaziacha siku kadhaa zichache. Wakati huo ulezi uliolowekwa ulikuwa umekwisha kuota; aliuanika, akausaga, akaupika uji, na gome chungu la msesewe likatiwa kwa kiasi. Kisha alivichanganya vyote, na kesho yake watu wakanywa. Mimi huko Milwaukee nilichukua kilo 4 na nusu za kimea cha shayiri, nikakiloweka saa moja katika maji ya nyuzi 66, nikayachuja, nikayachemsha pamoja na maua machungu ya hopsi, nikayapoza mpaka nyuzi 20, nikatia hamira, na baada ya majuma mawili nikapata lita 19. Majina ni tofauti, lakini hekima ni moja. Nafaka iliyooteshwa, ikiwa ulezi au shayiri, hugeuza wanga kuwa sukari. Hamira huigeuza sukari kuwa kileo. Na kitu kichungu, ikiwa gome au ua, huushika utamu usizidi. Sayansi ya Ulaya ilijua kutenga hamira safi ya bia mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Bibi yangu hakupata kusikia habari hiyo, lakini chungu chake hakikuharibika.

Jambo moja la bibi nililikumbuka, nami sikulitilia maanani. Alikuwa hapiki bila sababu: posa, mazishi, mavuno, au msaragambo wa kutengeneza mfereji. Kabla ya kukata ndizi alinituma mimi, mtoto wa miaka minane, nizunguke nikaulize nani watakuja. Siku moja nilirudi nikamwambia kwa fahari kwamba nimeona mikungu sita iliyoiva. Akaniambia, "Mjukuu wangu, usinihesabie mikungu. Nihesabie watu."

Mimi nilikuwa na daftari. Kila pishi niliandika tarehe, uzito wa kimea, joto, na siku za kuchacha. Na katika safu ya mwisho, kwa majina, watu walioinywa pamoja nami. Miaka miwili ya kwanza safu hiyo ilijaa mpaka maandishi yakapanda pembezoni mwa karatasi. Jirani alikuja, Watanzania na Wakenya wa mji ule walikuja, Wakongo wa kanisa la mtaa wa pili walikuja, na wasiokunywa pombe walikuja kwa ajili ya chai ya tangawizi ambayo mke wangu, asiyeonja kileo, aliipika kwa birika kubwa. Kiswahili chenye lafudhi nne kilizungumzwa juu ya kaunta ile.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Novemba, mahali nilipofanya kazi pakapunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Niliona haya kukaribisha wageni. Nikawa nashuka peke yangu, kwanza kwa kisingizio cha kutazama kama pombe inachacha vema, kisha bila kisingizio. Mke wangu alinyamaza kwa muda, kwa kuwa huzuni ya mume ni jambo la kusitiriwa. Usiku mmoja akaniambia, "Baba Neema, zamani ulijenga mahali pa kupokea watu. Sasa umejenga mahali pa kutukimbia." Nilimjibu kwa ukali kwamba nyumba ni yangu, pombe ni yangu, na sheria yaniruhusu.

Aliyenishinda alikuwa binti yetu. Alikuwa na miaka tisa, na chumba chake kilikuwa karibu na mlango wa ngazi. Asubuhi moja ya Februari, akila uji, aliniuliza bila hila yoyote, "Baba, vile vidato ni 13, sivyo? Ukishuka nahesabu 13. Ukipanda usiku nahesabu 15, na jana 17. Kwa nini vinaongezeka?"

Sikuwa na jibu. Mtoto alikuwa amelala macho gizani akihesabu miguu ya baba yake, na vidato vilivyozidi vilikuwa ni kuyumba kwangu, kurudi nyuma, na kuanza tena.

Siku hiyo nilishuka mchana, nikafungua daftari. Tangu Novemba nalikuwa nimepika mara sita. Lita 114 zilikwisha, karibu lita moja kwa kila siku. Uzito wa kimea uliandikwa, joto liliandikwa, tarehe ziliandikwa kwa mwandiko mzuri. Na safu ya mwisho, ukurasa baada ya ukurasa, ilikuwa nyeupe. Kwa kipimo cha sheria nilikuwa mtu mwema: sikufikia hata sehemu moja ya sita ya kiasi nilichoruhusiwa. Kwa kipimo cha bibi yangu nilikuwa nimepika pombe isiyokuwa ya mtu yeyote. Nilikuwa nimehesabu mikungu.

Sikuvunja kaunta mara ya pili. Kosa halikuwa katika mbao. Nilimwaga kilichobaki, nikapanda, nikamwomba mke wangu msamaha, naye akataka jambo moja tu: ufunguo wa chumba ukae kwake. Nikampa. Kwa miezi mitano hapakupikwa kitu. Nilimwendea daktari, nikamwambia ukweli. Nilipata kazi nyingine mwezi wa Mei, lakini kazi haikuwa dawa; dawa ilikuwa kutoka nje na kuonekana na watu nikiwa sina kitu cha kuwapa.

Mwezi wa Julai mke wangu mwenyewe ndiye aliyesema nipike, na kwamba nipike mbege. Ndizi za dukani zilikuwa za namna nyingine, na ulezi niliupata katika duka la Wahindi, nikauotesha karibu na tanuri. Msesewe sikuwa nao. Nikatia hopsi kidogo mahali pake, na nadhani bibi asingekasirika. Tuliamua kwamba tangu siku hiyo chungu hakitawekwa motoni mpaka safu ya mwisho ya daftari iwe imekwisha kuandikwa, majina kwanza na kimea baadaye; na kwamba kitakachobaki wageni wakiondoka kitaondoka nao. Kama naona siku moja kwamba nashindwa kuishika sharti hiyo, chumba kitageuzwa kuwa mahali pa kufulia nguo, na hapana atakayesikitika kuliko mimi.

Siku ya kuinywa, nilisimama nyuma ya kaunta nikishika kata, nikaonja mimi kwanza mbele ya wote, kama ilivyo desturi ya mpishi. Kabla ya hapo nilikuwa nimempa binti yangu kazi. Nalimwambia asimame juu, mlangoni pa ngazi, asihesabu vidato bali ahesabu watu. Alishuka mbio, wa mwisho, akaniletea hesabu yake.

"Kumi na mmoja, baba," akasema. "Na jirani yupo njiani."

Ndipo nikamimina.