Brathe Anasema ni Msimu wa Nne

Mwezi wa nne, mvua ikinyesha kila jioni, nilikuwa nalala kwa sakafu ya brathe wangu Umoja. Kodi ya keja yangu ilikuwa imenishinda, landilodi akabadilisha kufuli, na brathe akaniambia nije kwake hadi mambo yakae sawa. Ana bedsita, kitanda kimoja, meko ya gesi na televisheni ambayo hadi leo hajaitoa ile plastiki ya dukani. Ni fundi wa umeme. Akitoka kwa mjengo anaoga, tunapika ugali na sukuma, halafu tunawasha The Wire. Epizodi mbili kila usiku, tatu wikendi. Zote ziko 60, kwa hivyo ilituchukua karibu mwezi mzima.

Haikuwa mara yetu ya kwanza. Tuliiona 2016, nikisubiri kujiunga na chuo, kutoka kwa flashi tuliyojaziwa kwenye kibanda cha muvi. Tangu wakati huo tumekuwa na bishano moja ambalo haliishi: msimu upi ndio bora? Tumebishana kwa simu, tumebishana kwa matanga, tumebishana kwa kinyozi hadi kinyozi mwenyewe akaenda kuiona ili naye aingilie.

Kama hujaiona, samahani, nitakuharibia. Lakini iliisha 2008, umekuwa na muda.

Kwa kifupi: ni hadithi ya jiji la Baltimore, Marekani. Aliyeiunda ni David Simon, aliyekuwa mwandishi wa habari za uhalifu wa gazeti la Baltimore Sun. Aliandika pamoja na Ed Burns, aliyekuwa mpelelezi wa mauaji kabla ya kugeuka kuwa mwalimu wa shule ya umma. HBO walianza kuionyesha 2002. Inaanza kama kesi ya polisi na wauza dawa, halafu kila msimu unafungua mlango mwingine wa jiji lile lile: bandari, siasa, shule, gazeti. Hakuna mtu wa kukueleza nini kinaendelea. Ukilala epizodi mbili, umepotea.

Kinyozi anasema msimu wa kwanza, na hoja yake si mbaya. Pale ndipo D'Angelo anawafundisha Bodie na Wallace kucheza chesi, akitumia maneno ya kazi yao: huyu mfalme ni bosi, hawa wadogo wa mbele ndio sisi. Mara ya kwanza unacheka. Mara ya pili unajua tayari kitakachompata kila mmoja pale mezani, na hucheki.

Msimu wa pili ndio watu hukimbia. Umezoea vijana wa mtaa, ghafla unaletewa wazungu wazee wa bandarini. Mimi 2016 niliuruka nusu. Safari hii brathe ndiye alinizuia. Kuna mahali wafanyakazi wa bandari wanakusanyika asubuhi kungoja kuitwa kazi, na wale wageni wanarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu meli hazitoshi. Brathe akaweka sahani chini. "Hii ni mjengo," akasema. "Hii ni sisi pale geti saa kumi na mbili." Frank Sobotka, kiongozi wao wa chama, anapitisha mizigo ya magendo, na pesa anazopata hazili. Anawapa wanasiasa ili mfereji uchimbwe, meli zirudi, watu wake wapate siku za kazi. Ukiwa na njaa ya kazi, msimu wa pili hauboi hata kidogo.

Lakini mimi ni mtu wa msimu wa tatu. Nimekuwa hivyo miaka yote, na sababu ni Stringer Bell.

Stringer ni nambari mbili wa genge la Barksdale, na anasoma. Jioni anaenda darasa la uchumi kwenye chuo cha umma, anakaa mbele, anauliza maswali. Akirudi anajaribu kuendesha genge kama kampuni. Kwenye msimu wa tatu anawakusanya vijana kwenye ukumbi wa nyumba ya mazishi na kuwafundisha kanuni za vikao: mtu asiongee kabla mwenyekiti hajamruhusu. Siku moja anamkuta kijana mmoja anaandika kumbukumbu za kikao, anamuuliza kama kweli anaandika noti za njama ya uhalifu. Nimeona hiyo sehemu mara kumi na bado nacheka peke yangu.

Nilienda kusomea uchumi. Usidhani ni kwa bahati. Mwaka wa kwanza hosteli yetu ilikuwa imejaa vijana waliotaka kuwa Stringer bila ile biashara. Tulisema "soko" na "mahitaji" tukinunua chapati. Na akishauawa, mpelelezi McNulty anaingia nyumbani kwake, anakuta pako safi, pametulia, na kwenye rafu anatoa kitabu: The Wealth of Nations cha Adam Smith. McNulty anabaki ameduwaa, kama mtu aliyemfuata mtu asiyemjua. Hiyo rafu ndiyo niliyotaka. Nilitaka siku moja mtu aingie chumbani kwangu adhani hakunijua.

"Wewe unapenda Stringer kwa sababu ya shati," brathe husema. "Alikuwa na akili lakini wenye akili walimkula." Ni kweli. Seneta Clay Davis alimnyonya pesa kwa ahadi za vibali, na yale madarasa yote hayakumsaidia kuona anaibiwa na mtu mwenye tai.

Brathe ni wa msimu wa nne, na hasogei.

Msimu wa nne ni wavulana wanne: Michael, Namond, Randy na Dukie. Wako darasa la nane. Mwalimu wao wa hesabu ni Prez, polisi aliyeacha kazi baada ya kumpiga risasi polisi mwenzake kwa makosa. Mwanzoni darasa linamla mzima. Halafu anagundua wanaweza hesabu ya uwezekano ukiwapa dadu, kwa sababu dadu wanazicheza mtaani. Mara tu anapoanza kufaulu, amri inatoka juu: acha hayo, wafundishe mtihani. Burns alikuwa amefundisha watoto kama hao, na inaonekana. Hata wimbo wa kufungua, ambao kila msimu huimbwa na mtu tofauti, msimu huo waliwapa vijana wa Baltimore wenyewe.

Dukie ndiye mpole wao. Nguo zake zinanuka kwa sababu kwao kila kitu kinauzwa kununua dawa. Prez anamfulia, anamgawia chakula cha mchana. Halafu katikati ya mwaka mfumo unaamua kumpandisha shule ya upili kabla hajawa tayari. Siku hiyo Dukie anafika, anasimama nje, anaangalia wanafunzi wakubwa wakiingia. Anageuka. Hakuna anayemfukuza.

Kila tukifika hapo, tangu 2016, mimi huanza mdomo. Nasema msimu wa nne unalazimisha watu kulia. Nasema watoto ni njia rahisi. Mwaka huu nilisema hivyo tena, na brathe hakunijibu. Aliniangalia tu, muda mrefu kidogo.

Sasa niseme kitu ambacho nilikuwa sijamwambia mtu.

Januari 2019, nikiwa mwaka wa tatu, brathe alinitumia karo ya semesta, Sh32,000. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hivyo ilikuwa pesa yake ya mjengo. Nilikuwa na sapu nne ambazo sikuwa nimemwambia. Siku ya kujisajili nilipanda matatu, nikashuka stejini, nikafika hadi geti. Askari hata hakuniomba kitambulisho. Nilisimama pale nikaangalia watu wakiingia na mafaili yao, nikafikiria kukaa darasa moja na waliokuwa nyuma yangu, nikageuka. Nilinunua laptopu ya mtumba na nikalipa kodi ya miezi miwili. Nyumbani niliendelea kusema niko shule. Baadaye nikasema nimeahirisha. Baadaye watu wakaacha kuuliza.

Laptopu hiyo ndiyo ilinifanya mwandishi. Nilianza kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo, kama vijana wengi wa Nairobi unaowajua. Mtu asiye na digrii akiwatafutia wengine zao. Na wakati mmoja, kwa kweli, nilipewa kazi ya kurasa 8 kuhusu The Wire na umaskini wa mijini, saa 12 za kuimaliza. Niliandika kwamba msimu wa nne ndio bora. Nilitetea vizuri, aya kwa aya, kwa hoja za brathe neno kwa neno. Mteja alipata A na akaniongezea dola tano.

Kwa hivyo hata nilipokuwa nabishana, nilikuwa nimeshajua.

Msimu wa tano hatukuwahi kuupigania. Una epizodi 10 tu, McNulty anajitungia muuaji ambaye hayuko, na kwenye gazeti kuna ripota anayetunga habari. Wote tulikuwa tukiuweka mwisho. Mimi 2016 hata sikumbuki nilivyoumaliza. Lakini mwaka huu tulifika epizodi ya mwisho Jumapili usiku, stima ikipotea na kurudi, na Dukie akatokea nje ya shule yake ya zamani kumtafuta Prez.

Prez ana ndevu sasa. Dukie anamwambia anataka kurudi masomoni, anahitaji pesa kidogo za kujisajili. Prez anamwangalia. Unaona kabisa kwamba hajaamini. Anampa. Anampeleka kwa gari mahali alipoomba ashushwe, na hapo anamwona akienda kwa mzee wa vyuma kuukuu. Prez anaondoa gari. Mara ya mwisho tunamwona Dukie, anajidunga sindano.

Nilibonyeza kisimamisho. Nikasema, "Brathe, ile karo ya 2019 sikulipa."

Hakushtuka. Alikuwa anakwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria.

"Najua."

"Unajua aje?"

"Ulinipa pasiwadi ya tovuti ya wanafunzi ukiwa mwaka wa kwanza, nikuangalilie kama jina lako liko kwa hosteli. Hukuibadilisha. Salio halikuwahi kusonga." Akasukuma sufuria kando. "Niliangalia mwezi wa pili, nikaangalia wa tatu. Mwezi wa nne nikaacha."

Miaka sita. Katikati ya hiyo miaka alinitumia pesa za chakula, akasoma kila kitu nilichochapisha, na akabishana na mimi kuhusu msimu wa nne kila Krismasi. Nilimuuliza mbona hakusema.

"Ungesema nini? Ungesema uongo mwingine, halafu nigharamie na huo." Alinyamaza kidogo. "Prez angeuliza, yule kijana angekimbia hata mapema. Nilitaka uwe unarudi hapa."

Sikuwa na la kusema. Ninaandika kwa mapato, na sikuwa na la kusema. Nilimwambia nitamlipa. Akasema Sh32,000 ya 2019 si ya leo, nipige hesabu, si nilisomea uchumi? Tukacheka, mimi vibaya, na kamasi.

Nimeshaanza kulipa, Sh2,000 kila mwezi. Mbili zimeingia. Sijarudi chuo na sijui kama nitarudi, na hajaniuliza.

Usiku huo tulimalizia zile dakika zilizobaki. Majina yakipita kwenye skrini nilimwambia sawa, ameshinda, ni msimu wa nne. Nilidhani atafurahi. Alitafuta rimoti chini ya mto, akatafuna, akafikiria.

"Unajua," akasema, "huo wa tano tumeuonea."